UZI: Mzee wangu ana AF (moyo kupiga bila mpangilio) na amepata kiharusi mara mbili. Tulichojifunza kuhusu kukadiria kingine

MtotoWaUjiji (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie. Haya mambo ningeyajua miaka miwili iliyopita, mzee wangu angekuwa bado anajifunga kikoi mwenyewe.

Baba ana miaka 71. Maisha yake yote amefanya biashara ya dagaa na mawese, kati ya Kibirizi na stesheni. Siku moja alfajiri alikuwa anatawadha, kata ikamdondoka. Akainama kuiokota, mkono wa kulia haukushika. Alipotaka kumwita mama, mdomo ukaenda upande. Tulimkimbiza hospitali, jina naliacha, akalazwa siku nne. Wakasema ni kiharusi cha presha. Akaandikiwa vidonge vya presha na aspirini ndogo ya kila siku. Baada ya wiki tatu mkono ulirudi, maneno yakarudi, tukachinja mbuzi.

Siku ya kuruhusiwa tulipewa bahasha ya vipimo. Ndani mlikuwa na karatasi ya ECG, kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu herufi mbili: AF. Hakuna aliyetueleza, na sisi hatukuuliza. Mama akaiweka bahasha kabatini chini ya kanga, pamoja na hati ya kiwanja.

Miezi saba baadaye kikaja cha pili. Mguu na mkono wa kulia vyote vilikwenda. Leo baba anasema maneno matatu tu, na moja ni jina la mama.

Safari hii tulikwenda kwingine. Daktari kijana alimshika baba kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akakaa kimya dakika nzima akitazama saa ya ukutani. Kisha akauliza, "Mna karatasi zozote za zamani?" Nilipanda bodaboda nikaifuata bahasha. Alipoiona ile karatasi hakumlaumu mtu. Aliigeuza bahasha, akaanza kutuandikia mgongoni kwake. Aliyoandika, pamoja na niliyoyasoma baadaye usiku baada ya usiku, ndiyo nawaletea.

AF ni hali ya vyumba vya juu vya moyo kutetemeka badala ya kubana. Moyo wa kawaida unakamua damu kama mtu anayekamua tui. Wenye AF vyumba vya juu vinapapatika tu, damu inazembea, hasa kwenye kifuko kidogo kilicho upande wa kushoto, na damu inayozembea huganda. Bonge likichomoka linafuata mkondo, na mkondo mkubwa unapanda kichwani. Utafiti wa miaka mingi wa Framingham, Marekani, ulionyesha kuwa mwenye AF ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya asiye nayo. Tena viharusi vya namna hii huwa vikubwa, kwa sababu bonge linalotoka moyoni linaziba mshipa mnene.

Sasa kuhusu kukadiria. Madaktari wana jedwali la pointi linaloitwa CHA2DS2-VASc, lililochapishwa mwaka 2010 na Gregory Lip na wenzake wa Birmingham, Uingereza. Moyo ulioshindwa kazi pointi 1, presha 1, kisukari 1, ugonjwa wa mishipa kama shambulio la moyo la zamani 1, umri wa miaka 65 hadi 74 pointi 1, kuanzia 75 pointi 2, kuwa mwanamke 1, na aliyewahi kupata kiharusi, hata kile cha kupita kinachoisha chenyewe, pointi 2. Jumla ya juu kabisa ni 9. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 umeondoa pointi ya jinsia, kwa hiyo huko jumla imebaki 8, na mwenye 2 au zaidi anapaswa kupewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Daktari akamhesabu baba. Kabla ya kiharusi cha kwanza: umri 1, presha 1, jumla 2. Baada ya kiharusi cha kwanza: 4. Akanyanyua kalamu, akaniuliza, "Baada ya hiki cha pili, ni ngapi?" Nikasema 6. Akasema hapana, ni 4 ileile. Jedwali linahesabu kiharusi mara moja tu, hata akipata vitatu.

Wakuu, hapo ndipo nilipokaa chini. Kile kiharusi cha pili kilichomnyang'anya baba ulimi hakikuongeza hata pointi moja. Jedwali lilitengenezwa kwa ajili ya kuamua nani aanzishiwe dawa, na aliyekwishapata kiharusi ameshavuka mpaka huo zamani. Kwake swali la "aanze au asianze" limefungwa. Yanayobaki ni maswali mengine, na hayo ndiyo nataka tuyajadili: kwa aliyepata kimoja, nini kinachoonyesha kwamba kingine kiko njiani?

KasuluNjiaPanda

Pole sana mkuu. Mama yangu ana miaka 68, alipata kiharusi mwaka jana, anatumia aspirini na amlodipini ya presha. Hajawahi kuambiwa habari ya AF. Je, aspirini haitoshi? Maana tuliambiwa ndiyo ya kulainisha damu.

MtotoWaUjiji

Ahsante mkuu. Kama mama yako hana AF na kiharusi chake kilikuwa cha mshipa kuziba, aspirini ina nafasi yake, usimwachishe kwa kunisoma mimi. Kama ana AF, habari ni nyingine. Tafiti za warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, zilipojumlishwa pamoja, ilionekana inapunguza viharusi vya wenye AF kwa asilimia 64. Aspirini na jamaa zake ilikuwa asilimia 22 hivi. Mwaka 1993 kulikuwa na utafiti wa Ulaya kwa watu kama baba hasa, wenye AF waliokwishapata kiharusi. Wasiopewa dawa ya kuzuia damu kuganda, watu 12 katika kila 100 walipata kiharusi kingine kwa mwaka. Waliopewa walikuwa 4.

Kumi na mbili kwa nne. Baba alikaa kwenye kundi la kumi na mbili miezi saba, akiwa na aspirini mfukoni.

BiMuuguzi_Mstaafu

Nimefanya wodi ya watu wazima zaidi ya miaka 30, mingi yake mkoa huu huu. Mwanangu umeeleza vizuri, na nakupa pole kwa baba. Nijibu swali lako la mwisho, maana ndilo lenye nyama.

Ukitaka kujua nani atarudi wodini, jambo la kwanza uliza kama dawa inamezwa. Nimeona wagonjwa wengi walioandikiwa warfarini wakaitumia mwezi mmoja, ikaisha, wakaona wako sawa. Karatasi ya kliniki inasema yuko kwenye dawa, damu yake inasema hayuko.

La pili ni INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani. Mtu wa warfarini anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Chini ya 2 kinga inapungua, juu ya 3 hatari ya kuvuja damu inapanda. Kusoma INR moja ya leo hakutoshi. Panga za miezi sita mezani, uone ngapi ziko ndani ya mstari. Mwenye 1.4, kisha 4.1, kisha 1.6, huyo namwogopa kuliko mwenye pointi nyingi kwenye jedwali.

La tatu, presha. Iliyokaa 170 inaharibu mishipa midogo ya ubongo bila kujali moyo, na ukimpa mtu huyo dawa ya kuzuia damu kuganda, hatari ya damu kuvuja kichwani inaongezeka. Presha ishuke kwanza na ibaki chini.

La nne, eko ya moyo, ile picha ya mawimbi. Chumba cha juu cha kushoto kikiwa kimepanuka sana, damu ina mahali pengi pa kuzembea. Na valvu, vile vilango vya moyo vinavyopitisha damu, zitazamwe. Hilo la valvu linahitaji uzi wake.

La tano, figo. Zikichoka, hatari inapanda pande zote mbili, ya kuganda na ya kuvuja.

TaboraMaembeMengi

Bi Muuguzi shikamoo. Umetaja valvu, naomba nikae hapo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 34, tuko Tabora mjini. Alipata kiharusi akiwa na mtoto wa miaka miwili. Eko ilionyesha valvu imekunjamana na kuwa nyembamba tundu lake, wakasema ni kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na ana AF. Mtu mmoja alimhesabia hilo jedwali kabla ya kiharusi, akapata pointi 1 ya kuwa mwanamke, akasema hatari yake ni ndogo. Naumia kila nikikumbuka.

BiMuuguzi_Mstaafu

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Jedwali lile halikutengenezwa kwa watu kama mdogo wako. Valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ikibana kiasi cha kati au kikubwa na AF ikiwepo, hakuna kuhesabu. Anapewa dawa hata kama ana sifuri. Kwetu hapa hili ni kubwa, kwa sababu homa ya baridi yabisi inayoanza na koo la mtoto bado ipo, na inaharibu valvu za vijana. Jedwali la Ulaya limejengwa juu ya wazee wao wenye presha.

Na jambo jingine la kushika: kwa valvu ya namna hiyo dawa ni warfarini. Mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti wa INVICTUS, watu zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wote wenye valvu zilizoharibiwa na homa hiyo pamoja na AF. Wengi tulidhani rivaroksabani, ile mpya isiyohitaji INR, itakuwa nafuu kwao. Ikawa kinyume. Waliokuwa kwenye warfarini na jamaa zake walikufa wachache zaidi, na hawakuvuja damu zaidi. Kwa hiyo mtu akimwambia mdogo wako ahamie dawa mpya ili apumzike kupima, arudi kwa daktari wa moyo kwanza.

Na kwa kuwa yuko umri wa kuzaa, amwambie daktari mapema kabla ya kubeba mimba nyingine. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache kimyakimya pia, kwa sababu kuiacha kunaweza kumuua yeye.

TaboraMaembeMengi

Hilo la mimba hatukuwa tumeambiwa. Namwita sasa hivi asome mwenyewe.

MwanaMwandiga

Mleta uzi, swali. Hakuna kipimo cha damu kinachotabiri moja kwa moja? Teknolojia imeenda mbali.

MtotoWaUjiji

Vipo vinavyosaidia. Mwaka 2016 lilitoka jedwali jingine linaloitwa ABC, linachukua umri, historia ya kiharusi, na vipimo viwili vya damu: troponini, inayoonyesha misuli ya moyo inaumia, na NT-proBNP, inayoonyesha moyo unalemewa. Linakadiria vizuri zaidi kidogo kuliko la pointi.

Nasema kidogo kwa makusudi, kwa sababu nataka tuelewe uwezo wa haya majedwali. Chukua wagonjwa wawili, mmoja atakayepata kiharusi na mwingine ambaye hatapata. Ukiuliza CHA2DS2-VASc ni yupi, litamtaja sahihi mara sita na kidogo katika kumi. Kurusha sarafu ni mara tano. Kwa hiyo linafaa kupanga makundi ya watu. Kumwambia mama mmoja wa Mwandiga "wewe kitakupata" au "wewe umepona" haliwezi. Ndiyo maana namwamini zaidi Bi Muuguzi anayepanga INR za miezi sita mezani.

TabibuZamuYaUsiku

Mimi ni tabibu, niko kituo cha afya, nachangia kifupi kabla sijaitwa. Wengi wanasahau muda. Hatari ya kiharusi cha pili haigawanyiki sawa mwaka mzima, wiki za mwanzo ndizo kali. Lakini wiki hizo hizo eneo la ubongo lililokufa linaweza kuvuja damu. Zamani tulifundishwa kuhesabu siku 1, 3, 6 na 12 kulingana na ukubwa wa kiharusi: cha kupita siku ya kwanza, kidogo ya tatu, cha kati ya sita, kikubwa ya kumi na mbili. Mwaka 2023 utafiti wa ELAN, uliotumia dawa mpya, ulianza mapema zaidi, ndani ya saa 48 kwa kidogo na cha kati, na siku ya 6 au 7 kwa kikubwa, na damu kuvuja kichwani haikuongezeka.

Haya yote ni baada ya CT skani, ile picha ya ndani ya kichwa. Kiharusi cha damu kuvuja na cha mshipa kuziba vinaweza kufanana kitandani kama mapacha. Asitokee mtu humu akamnunulia mzazi wake warfarini kwenye duka la dawa kwa sababu amesoma uzi.

MwanaMwandiga

Tabibu, na huyu aliyepata kiharusi akiwa anameza dawa vizuri kabisa?

TabibuZamuYaUsiku

Huyo ana hatari kubwa kuliko aliyepata akiwa hana dawa, na hapo usiridhike na jibu la "ni AF yake". Anatafutwa upya: mishipa ya shingo, valvu, INR ya siku ile, na dozi kama ililingana na figo na uzito. Pengine kiharusi hakikutoka moyoni kabisa, kilitoka kwenye mishipa midogo iliyochoshwa na presha. Na tuulize dawa nyingine anazomeza. Mgonjwa wa TB anayetumia rifampisini, warfarini yake inazidiwa nguvu, INR inashuka hadi 1 na kitu, na hata dawa mpya zinapungua kazi. Flagyl na Septrin zinafanya kinyume, zinapandisha INR. Diklofenaki za mgongo zinaongeza kutoka damu tumboni. Naitwa, tutaendelea.

MkulimaSikonge

Sisi tuliambiwa baba asile kabisa mboga za majani akiwa na warfarini. Kakonda mpaka tunaogopa. Ugali na nyama tu miezi minne.

BiMuuguzi_Mstaafu

Jamani, mpeni mzee mboga. Matembele, mchicha, kisamvu vina vitamini K inayopingana na warfarini, ni kweli. Kinachovuruga ni kuruka: wiki hii kisamvu kila siku, wiki ijayo hakuna. Ale kiasi kilekile alichozoea wiki zote, na dozi ya dawa itarekebishwa ifuate sahani yake. Msirudishe sufuria nzima siku moja baada ya miezi minne. Semeni kliniki kwanza, apimwe INR, aanze kidogo kidogo.

Na miti shamba ya kuchemsha wekeni mbali mpaka mmeitaja mbele ya daktari. Sitaki ugomvi na waganga wetu, najua ninyi Tabora mna mizizi mingi. Nataka tu daktari ajue kila kinachoingia kinywani.

KasuluNjiaPanda

Nimesoma yote. Mama hajawahi kupimwa ECG, au kama alipimwa sijui. Naweza kujua vipi nyumbani kama mapigo yake yana shida?

MtotoWaUjiji

Mkuu, fanya alivyofanya yule daktari. Mama akae ametulia dakika tano. Mkono wake kiganja juu. Weka vidole vyako vitatu vya katikati chini ya kidole gumba chake, kwenye kifundo, pale penye mfereji. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha.

Usikilize mpangilio kuliko idadi. Mapigo ya kawaida ni kama mtu anayetwanga peke yake kwenye kinu, yanakuja kwa nafasi sawa. Ya baba yalikuwa kama watu watatu wanaotwanga bila kusikilizana: mawili ya haraka, moja limekawia, moja dogo halishikiki, tena matatu ya mfululizo. Ukisikia hivyo, usihitimishe, mpeleke akapimwe ECG. Na ukisikia yako sawa, bado mpeleke, maana kuna AF inayokuja na kuondoka. Ikiondoka watu wanadhani imepona wanaacha dawa, na hatari inabaki palepale.

MwanaMwandiga

Na gharama? Warfarini ina usumbufu wa kupima, dawa mpya bei yake mmmh.

MtotoWaUjiji

Kweli kabisa, na nisiwadanganye kwamba ni rahisi. Sisi tulianza na warfarini. Wiki za mwanzo kupima mara kwa mara, sasa tumefika mara moja kwa mwezi. Namfunga baba nyuma yangu kwenye pikipiki kwa kanga ya mama, maana hawezi kujishikilia. Dawa mpya kama apiksabani hazihitaji INR, ila zinahitaji kipimo cha figo na nidhamu. Apiksabani ni mara mbili kwa siku, na kazi yake inaisha upesi ukiruka, kwa hiyo anayemeza leo akaacha kesho kwa kukosa hela hana kinga. Kama familia ina uhakika wa warfarini na haina uhakika wa ile nyingine, warfarini inayomezwa ni bora. Wenye bima waulize kabla ya kuandikiwa, wasisubiri dirishani.

Tuna daftari la shule, mstari mmoja kila kipimo: tarehe, INR, presha, dozi. Mwezi huu imesoma 2.4. Uliopita 2.6. Mdogo wangu wa darasa la sita ndiye anayeandika.

BiMuuguzi_Mstaafu

Mpe hongera huyo wa darasa la sita.

KasuluNjiaPanda

Wakuu nimerudi. Nimemshika mama mkono leo baada ya adhuhuri, nikahesabu mara tatu, na mke wangu akahesabu peke yake bila mimi kumwambia kitu. Hayana mpangilio kabisa. Mawili matatu ya haraka, kisha kimya. Yeye anasema hajisikii chochote, yuko jikoni anachambua maharage. Tunapanda gari la alfajiri kuja Kigoma mjini.

MtotoWaUjiji

Njooni mkuu. Aendelee na dawa zake za presha kama kawaida asubuhi. Njiani mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakipotea, msirudi nyumbani, mwambie dereva ashushe hospitali ya karibu na mwandike saa kamili ilipoanza.

Na kabla hamjatoka, fungua kabati. Beba kila karatasi ya mwaka jana, hata ile ambayo hamkuielewa.

KasuluNjiaPanda

Nimeipata. Ilikuwa ndani ya Biblia yake. Kuna ECG.